Gesi ya kupikia ikimwagika usiku hakuna upepo: wingu litafika wapi, na hesabu ipi inafaa?

Mpimaji_Otonglo

Habari zenu wakuu. Naandaa tathmini ya hatari ya depo ndogo ya gesi ya kupikia: matangi mawili ya kulala, tani 50 kila moja. Kiwanja kiko kwenye mteremko kati ya vilima vya Riat na ziwa, upande wa juu wa barabara ya Kisumu kwenda Busia. Chini ya barabara kuna nyumba, vibanda vya chipsi na stendi ya bodaboda.

Tukio nililochagua ni mpira wa kupakulia lori kuchanika, nikalihesabu kama tundu la milimita 25. Nimepata kilo 7 kwa sekunde kwa dakika 5. Nikatumia mlinganyo wa Gauss (hesabu ya gesi inayobebwa na kutawanywa na upepo) wenye madaraja ya Pasquill ya utulivu wa hewa, daraja F (hewa tulivu ya usiku), upepo mita 2 kwa sekunde. Mpaka wa asilimia 2 ya gesi hewani, yaani karibu kiwango cha chini cha kuwaka, umetoka mita 220 kwa urefu na mita kama 15 kwa upana. Mkaguzi ameirudisha ripoti ikiwa na maneno haya: "Mbinu haifai kwa gesi nzito, upepo hauwakilishi mahali."

Maswali yangu: nikiacha Gauss nitumie nini? Upepo niuchukue wapi, maana nilionao ni wastani wa mwezi wa uwanja wa ndege? Na mpaka uchorwe kwenye kiwango cha chini cha kuwaka au nusu yake?

Bomba_na_Vali

Mhandisi, kabla ya kugusa upepo tuhakikishe hizo kilo 7, kwa sababu kosa la mara mbili kwenye kiasi kinachotoka hakuna programu itakayolirekebisha.

Naona ulivyofanya: tundu la mm 25, presha ya bar 5 juu ya hewa ya nje, uzito wa kilo 540 kwa mita ya ujazo, kipunguzi cha mtiririko tunduni 0.61. Inatoka kweli karibu kilo 7 kwa sekunde, kwa gesi ya kupikia iliyo mchanganyiko wa nusu propani nusu butani kwenye nyuzi 25. Hesabu hiyo ni sahihi kwa tundu lililo kwenye ngozi ya tangi, kwa sababu kimiminika hakipati muda wa kutokota kabla ya kutoka. Kikipita kwenye bomba au mpira wenye urefu unaozidi kama sentimita 10, kinaanza kuwa povu humo humo ndani, na povu linajibana lenyewe. Kiasi kinashuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo mpira wa mm 25 uliokatika mwisho wake hautoi kilo 7. Lakini mipira ya malori mingi ni ya inchi 2, na eneo la tundu la inchi 2 ni mara nne ya la inchi 1. Nusu ya mara nne ni mara mbili: kilo 14 kwa sekunde, siyo 7. Pima mpira halisi utakaotumika.

Usitegemee vali ya kuzuia mtiririko kupita kiasi kwenye lori bila kusoma namba iliyoandikwa juu yake. Vali hiyo hufunga tu mtiririko unapozidi kiwango chake. Mpira ukichanika nusu, au pampu ikiwa imeubana mtiririko upande wa mbele, kiwango hakifikiwi, vali inabaki wazi na gesi inaendelea kumwagika.

Jambo la pili ni mchanganyiko wenyewe. Omba cheti cha mzigo cha miezi kadhaa. Propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa urefu wa Kisumu, mita 1,130, inashuka hadi karibu 45 chini ya sifuri. Butani inachemka karibu kabisa na sifuri. Propani ikitoka kwenye tangi la nyuzi 25, karibu theluthi inageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unarusha iliyobaki hewani kama matone laini, hivyo chukulia yote imeingia kwenye wingu. Butani hugeuka mvuke karibu asilimia 15 tu. Mzigo ukiwa na butani nyingi na mpira umeelekea ardhini, utapata dimbwi la kimiminika baridi linaloendelea kutoa mvuke hata baada ya vali kufungwa. Mtu anayehesabu dakika 5 halafu sifuri anaacha mkia huo nje.

Tukio lingine la kuongeza, na watu hulisahau kwa kuwa linaonekana dogo: kutoa maji chini ya tangi. Feyzin, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1966, ndivyo ilivyoanza. Vali mbili za kutolea zilifunguliwa kwa mpangilio usiofaa, propani ikagandisha vali, haikufungika tena. Wingu likatambaa hadi barabarani likawashwa na gari lililokuwa mita kama 160 kutoka kwenye tangi. Watu 18 walikufa. Vali iliyo karibu na tangi hufunguliwa kwanza na kikamilifu, ya chini ndiyo ya kupimia, na ziachane angalau sentimita 60 ili barafu ya moja isifike kwenye nyingine. Weka tundu la bomba hilo kwenye orodha yako ya matukio.

Upepo_wa_Nyanza

Nami nichukue swali la upepo, maana hapo ndipo Kisumu inapowapoteza wengi.

Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Unaanza kushika kasi adhuhuri, na saa tisa hadi saa kumi jioni ndio wenye nguvu. Hewa inachanganyika vizuri, na wingu la kilo 7 kwa sekunde linapungua chini ya kiwango cha kuwaka haraka. Hata Gauss yako, daraja D (hewa inayochanganyika kiasi) na mita 5 kwa sekunde, itakupa mita 50 hivi. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa, hewa baridi inateremka kutoka Riat na milima ya Nandi kuelekea ziwani, polepole, karibu na ardhi. Kwa kiwanja chako, upepo wa mchana unalisukuma wingu kupanda kilima, wa usiku unalishusha kwenye vibanda. Wastani wa mwezi unaijumlisha mielekeo hiyo miwili iliyo kinyume na kukupa upepo ambao haujawahi kuvuma saa yoyote ya siku. Omba takwimu za kila saa, uzitenganishe: saa moja usiku hadi saa moja asubuhi peke yake. Halafu hesabu ni saa ngapi zimeandikwa "shwari". Kipima upepo cha vikombe kwa kawaida hakianzi kuzunguka chini ya nusu mita kwa sekunde, kwa hiyo "shwari" haimaanishi hewa imesimama. Mteremko unaendelea kuivuta.

Tena, upepo wa uwanja wa ndege hupimwa mita 10 juu. Wingu lako lina kina cha mita moja na nusu. Kwenye daraja F, mita 2 kwa sekunde kule juu ni karibu mita 0.6 hapa chini. Linganisha na mwendo wa wingu lenyewe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani mara mbili, na baridi inaiongezea uzito. Rundo la wingu zito lenye kina cha mita moja na nusu huporomoka na kutambaa pande zote kwa mita 1 hadi 2 kwa sekunde, kama uji uliomwagika mezani. Hiyo ni zaidi ya upepo. Kwa hiyo litatambaa hata kuelekea upepo unakotoka. Kwenye majaribio ya Burro, China Lake, California, mwaka 1980, jaribio la nane lilifanywa kwa upepo mdogo na hewa tulivu, wingu likapanuka sana na kurudi nyuma ya chanzo. Gauss haiwezi kukuonyesha hilo kwa sababu ndani yake gesi ni abiria tu, inakwenda kokote upepo unakokwenda. Ule upana wako wa mita 15 ndio uliomwamsha mkaguzi, na alikuwa na haki.

Lami_na_Ratli

Kwa heshima, wakuu, depo hupakua malori mchana. Kwa nini mteja agharimiwe eneo la usalama la usiku wa manane? Weka sharti la kupakua kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha utumie upepo wa mchana.

Upepo_wa_Nyanza

Ndugu Lami, sharti hilo ni zuri na liwekwe, lakini lisiwe sababu ya kuufuta usiku kwenye ripoti. Tangi halilali likiwa tupu. Vali zake, viungo na bomba la kutolea maji vinashikilia presha saa 24. Na lori likichelewa Mau Summit litafika jioni, na dereva hatalala na mzigo barabarani.

Tazama saa za matukio yenyewe. Port Hudson, Missouri, 9 Desemba 1970: propani ya bomba lililopasuka ilitiririka bondeni usiku. Ufa, kule Urusi, Juni 1989: gesi ya bomba ilijaa kwenye bonde reli ilimopita, treni mbili zikakutana humo usiku wa manane, mamia wakafa. Viareggio, Italia, Juni 2009: karibu saa sita usiku. Embakasi, Nairobi, 1 Februari 2024: usiku pia, na mamia walijeruhiwa. Buncefield, Uingereza, 11 Desemba 2005, ilikuwa petroli iliyofurika, siyo gesi ya kupikia, lakini mvuke wake ulifanya vivyo hivyo: alfajiri, upepo karibu hakuna, wingu la kina cha mita mbili hivi likatambaa mamia ya mita. Usiku gesi haina wa kuitawanya, na watu wamelala, hakuna anayenusa.

Mpimaji_Otonglo

Asanteni sana. Nimeelewa kwamba Gauss inaondoka. Sasa niseme ukweli wa bajeti: mteja hawezi kununua programu za hesabu hizi kama PHAST wala FLACS. ALOHA ni ya bure. Inatosha? Na mteremko niufanyeje? Ni kama mita 1 kwa kila mita 20.

Ramani_na_Mteremko

ALOHA inatosha kwa sehemu ya kazi, mradi uandike wazi inapoishia. Hesabu yake ya gesi nzito imetokana na DEGADIS, programu ya zamani ya gesi nzito, kwa hiyo kuporomoka kwa wingu imo. Iingize Kisumu kama mahali papya: latitudo 0.1 kusini, longitudo 34.75 mashariki, mwinuko mita 1,131, kwa sababu presha ya hewa inaichukua kutoka kwenye mwinuko. Tumia chaguo la tangi, usitumie lile la kutaja kilo kwa sekunde moja kwa moja. Kwenye tangi programu inajua kimiminika kinatokota na kurusha matone, kwenye lile lingine haijui. Haipokei mchanganyiko, basi endesha propani tupu, kisha butani tupu, uripoti iliyo mbaya zaidi. Ardhi chagua ya wazi. Ukichagua ya mjini au msitu, umbali unapungua vizuri kwenye karatasi, ila vibanda vya mabati vilivyotawanyika si mji.

Mpaka: ALOHA yenyewe huchora asilimia 60 ya kiwango cha chini cha kuwaka, wala si 100. Sababu ni kwamba namba inayotolewa ni wastani, na ndani ya wastani wa asilimia 1.2 kuna mafundo yanayopita 2. Wengine hutumia nusu. Chukua nusu, uandike sababu. Kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kiwango cha chini ni karibu asilimia 1.9 (propani 2.1, butani 1.8), kwa hiyo nusu yake ni 0.95.

Sasa inapoishia. Haipokei upepo chini ya mita 1 kwa sekunde kwenye mita 10, na haijui mteremko, mtaro wala ukuta. Yaani usiku wa shwari kwenye kiwanja chako uko nje ya uwezo wake kabisa. Watu huweka mita 1, daraja F, wakadhani wamefunika. Hapo fanya hesabu ya mkono na uiweke kwenye ripoti kama ilivyo.

Kilo 7 kwa sekunde kwa sekunde 300 ni kilo 2,100. Kilomoli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya mchanganyiko huo ni kilo 51, na kwa presha ya Kisumu inachukua mita za ujazo 28. Unapata karibu mita za ujazo 1,150 za gesi tupu. Ikichanganyika hadi asilimia 2, ni mita za ujazo 57,500 za hewa inayowaka. Kwa kina cha mita 1.5, ni eneo la mita za mraba 38,000, zaidi ya viwanja vitano vya mpira. Mahali tambarare ni duara la mita 110 kila upande, pamoja na upande wa nyuma ambao Gauss ilikuwa imeuacha mtupu. Wingu likibaki zito zaidi, tuseme wastani wa asilimia 4, eneo ni nusu na duara ni mita 78.

Kwako si tambarare. Eneo lile lile la mita za mraba 38,000 likibanwa na mtaro na kuta za majirani liwe ulimi wa mita 60 kwa upana, urefu wake unapita mita 600 kushuka. Sisemi litafika hapo kwa hakika, maana likienda linaendelea kuchanganyika na hewa. Nasema huo ndio mwelekeo na ukubwa wa kupangia, na mduara uliochorwa katikati ya tangi utawadanganya walio chini ya barabara.

Ukitaka bora bila kununua leseni, kuna programu ya TWODEE-2, iliandikwa kwa gesi nzito inayotambaa juu ya ardhi yenye milima, hasa hewa ukaa ya volkano. Inasoma ramani ya miinuko. Tahadhari: ramani ya bure ya setilaiti ina chembe (vimraba vya picha) za mita 30, na mtaro wenye upana wa mita 2 hauonekani humo. Pima kiwanja na mita 500 chini yake kwa ndege ndogo isiyo na rubani au kwa livo (kifaa cha kupimia usawa wa ardhi), chembe za mita 1 au 2. Halafu tembea mwenyewe ukiangalia kalvati. Kalvati chini ya barabara ya Busia ni bomba la kupitishia gesi hadi kwenye uga wa mtu, na kwenye ramani ya miinuko barabara inaonekana kama ukuta unaozuia. Programu itakuambia barabara imewalinda.

Bomba_na_Vali

Hiyo hesabu ya mkono ina faida nyingine: mwonyeshe mteja dakika 5 zinagharimu nini. Vali ya dharura inayofungwa kwa mbali, kwenye tangi na kwenye lori, ikifunga ndani ya sekunde 30, zinatoka kilo 210. Eneo ni moja ya kumi, duara linashuka kutoka mita 110 hadi mita 35. Kitufe kiwe sehemu mbili, kimoja kwenye geti, kwa sababu aliye karibu na mpira hataweza kukifikia akiwa ndani ya wingu. Na ijaribiwe kila mwezi kwa saa ya mkononi, muda uandikwe. Vali inayofunga kwa sekunde 30 siku ya kukabidhiwa inaweza kuchukua dakika mbili baada ya mwaka ikiwa hewa ya kuiendesha ina maji.

Mtaro: weka mtego wa maji (kona inayobaki na maji ili gesi isipite) kabla haujatoka kwenye kiwanja. Januari na Februari hukauka, na mtego mkavu ni tundu tu. Mlinzi amwagie ndoo ya maji kila wiki, iandikwe kwenye daftari lake.

Fundi_Vihisi_Nakuru

Mengi yameshasemwa. Nina mawili ya vihisi vya gesi, kwa Kisumu na kwetu Nakuru pia.

Kihisi hupima wingi wa chembe za gesi zinazokifikia, na wingi huo unapungua hewa ikiwa nyepesi. Kikisawazishwa Mombasa usawa wa bahari kikaletwa Kisumu, kitasoma pungufu kwa asilimia kama 12. Nakuru, mita 1,850, pungufu ni karibu asilimia 20. Kengele iliyowekwa kulia kwenye asilimia 20 ya kiwango cha kuwaka inalia kwenye 25. Sawazisheni pale pale kiwanjani, kwa mtungi wa gesi ya kipimo. Vihisi vya kichocheo, vile vinavyounguza gesi kidogo ndani yake ili kuipima, huuawa na silikoni. Mtu akipaka silikoni kwenye fremu ya dirisha jirani, kihisi kinabaki na taa ya kijani lakini hakisikii kitu.

Vikae sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini, na vingi viwe upande wa chini wa mteremko na mdomoni mwa mtaro. Nimeona michoro mingi inayovizungusha tangi kwa umbali sawa, kama wingu lingepanda juu. Nakuru ni vile vile: usiku hewa inashuka kutoka Menengai kuelekea mjini na ziwani, kwa hiyo vihisi vya upande wa Menengai huenda visisikie chochote hadi kumekucha.

Usimfundishe mlinzi kwamba ukungu mweupe ndio mpaka wa gesi. Ule ni unyevu wa hewa uliopoa ukawa matone. Kisumu penye unyevu mwingi ukungu unaonekana mbali. Nakuru mwezi wa Januari hewa ni kavu, gesi inayowaka inaweza kuwa imeshapita ukungu na haionekani.

Ramani_na_Mteremko

Fundi amenikumbusha la mimea. Mpimaji, kama kiwanja kina ua la michongoma, au kimepakana na miwa, liandike. Kuna mambo mawili tofauti hapo. La kwanza ni kutawanyika: miwa ya mita 2.5 inapunguza mwendo wa wingu, lakini usiiingize kwenye kikokotoo kama ukwaru wa ardhi (kipimo cha uso wa ardhi unavyoukwaruza upepo), kwa sababu wingu ni fupi kuliko miwa na kanuni ya ukwaru inadhani wingu liko juu ya mimea. Tena ikivunwa kinga hiyo inaondoka kwa siku moja, na kabla ya kuvunwa mara nyingi inachomwa. Pigia hesabu shamba lililovunwa.

La pili ni zito zaidi. Moto ukiwaka kwenye wingu lililo wazi, mara nyingi unapita kama mwali na kuishia hapo. Ukiingia kwenye matawi yaliyosongamana unavurugwa, unaongeza kasi, na unakuwa mlipuko. Buncefield, wachunguzi waliona miti na vichaka vizito vilivyopakana na barabara za pembeni ndivyo vilivyoupa moto kasi ile. Michongoma iliyokatwa vizuri ya mita 2 kwa kimo, imezunguka pande nne, ina matawi kama hayo hayo.

Mpimaji_Otonglo

Ua lipo, pande tatu, na mteja analipenda kwa usalama dhidi ya wezi. Nimwambie aweke ukuta wa mawe badala yake?

Ramani_na_Mteremko

Siyo pande zote. Ukuta mzima pande nne ni beseni, utaishikilia gesi kwenye matangi. Pande tatu weka waya wa kawaida ili hewa ipite. Upande wa chini, unaotazama barabara, jenga ukuta wa mawe wa mita moja na nusu bila matundu, uulaze kwa mshazari ili wingu ligeuzwe kuelekea ile sehemu wazi ya mashariki ya kiwanja chako, mbali na stendi. Hakikisha hapo hakuna nguzo ya taa, jenereta wala jiko la mlinzi. Ukimaliza ramani itume hapa na viwango vya mtaro, tuangalie mdomo wa kalvati unatokea kwa nani.